Chai Isiyoonjwa

Madame Mireille alimimina chai, akapiga funda moja, akageuza kikombe upande wa pili, ndipo akanipa. Tulikuwa matangani, nyumbani kwa marehemu Papa Norbert huko Forest, pembezoni mwa Brussels, ghorofa ya tatu, sebule imejaa viti vya kuazima na akina mama waliovaa vitenge vya sare. Mlangoni viatu vilikuwa vimerundikana mpaka vinateremka ngazi, maana kwa Papa Norbert hakuna aliyewahi kuingia na viatu, awe padri au mtu wa kusoma mita ya gesi. Madame Mireille ana mvi sasa, na miwani inayoning'inia shingoni kwa kamba, lakini nilimtambua kwa lile funda. Mke wangu Zuhura, aliyekaa kando yangu, akaninong'oneza, "Huyo mama mnajuana wapi?" Nikamjibu kwamba tulikutana Matonge, zamani, kabla yeye hajaja Ulaya. Lilikuwa jibu la kweli, ila lilikuwa jibu la mtu mwenye shaka: ukweli kiasi cha kufungia mlango tu. Nikanywa chai. Ilikuwa na tangawizi nyingi, kama ile ya mwaka ule ambayo hakuna mtu aliyekubali kuinywa.

Habari za ukoo wetu, na nani alimzaa nani mtaani kwetu Buyenzi, naziacha. Watu wa Bujumbura wanazijua, na wengine hazitawasaidia. Nataka kusimulia mwaka mmoja tu, nilipokuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, nina kazi kwenye kiwanda cha magari, nina chumba kimoja chenye dirisha linalotazama ukuta, na nina mke Bujumbura ambaye ndoa yetu ilifungwa mimi nikiwa kwenye simu. Karatasi za Zuhura zilitegemea kazi yangu. Nikiwa na kazi ya kudumu, atakuja. Nikiipoteza, atabaki kwa mama yake mpaka mmoja wetu achoke. Na kazi yenyewe ilikuwa imeanza kuniponyoka. Kila bati lilipoanguka sakafuni kwa kishindo, mimi niliganda. Mikono inakataa, laini inaendelea, gari linapita mbele yangu halijaguswa, na wenzangu wanapiga kelele. Daktari wa kiwanda, mzee mpole ambaye upole wake sikuuamini hata kidogo, alinishika bega akasema kuna kikundi Matonge, mtaa wa Waafrika, cha watu wa kwetu, wanakaa wanazungumza, niende kwanza, halafu tutaona. Hilo "tutaona" ndilo nililotoka nalo. Nililielewa hivi: wataniweka chumbani na weusi wenzangu, nitalegea, nitasema, maneno yatapanda juu, wakubwa watajua kwamba Issa ni mwendawazimu, na Zuhura atazeekea Buyenzi.

Chumba kilikuwa juu ya saluni ya kusuka, hatua chache kutoka metro ya Porte de Namur. Unapanda ngazi nyembamba, unapita harufu ya nywele zilizochomwa na ya samaki wa kukaanga kutoka mgahawa wa jirani, unafika kwenye mlango usio na jina. Mlango usio na jina ulinitia shaka. Ndani, shaka zikazaana. Mkeka mpana ulikuwa umetandikwa katikati, mito imepangwa duara, kinyago kimetundikwa ukutani ambacho hakuna hata mmoja wetu aliyejua ni cha kabila gani, na boksi la karatasi za kufutia machozi limewekwa mahali ambapo kila mkono ungelifikia. Nilijiuliza ni watu gani hawa wanaokuandalia machozi kabla hujaketi. Madame Mireille alikuwa mwanasaikolojia, mtoto wa Wakongomani aliyezaliwa hapa hapa Brussels, na Kiswahili chake alikiokota kwa bibi yake. Alitukaribisha akasema, "Alors, hapa tuko entre nous, sisi kwa sisi. Hakuna muzungu. Kila muntu anaweza kusema yenye iko mu roho." Hakuandika chochote. Hata kalamu hakuwa nayo, na hilo lilinitisha kuliko kalamu, kwa sababu mtu asiyeandika ana njia nyingine ya kukumbuka.

Wenzangu walivua viatu wakakaa chini. Mimi nilisema goti linauma, nikachukua kiti karibu na mlango, nikabaki na viatu vyangu miguuni, kamba zimekazwa. Kijana wa Kiislamu wa Buyenzi, aliyelelewa kuvua ndara kabla ya salamu, amekanyaga ukingo wa mkeka na viatu vya kiwandani. Mama yangu angeniona angeniitia shehe. Madame Mireille alinitazama mara moja akaacha. Labda alidhani ndivyo Warundi walivyo.

Tulikuwa wachache, na wengine walikuja mara moja wakapotea. Waliodumu ni mimi, Maman Béa wa Lubumbashi aliyefanya kazi kwenye nyumba ya kutunza wazee, na Papa Norbert wa Bukavu, mtu mzima, mlinzi wa duka, mwenye kofia ambayo aliiweka magotini na kuizungusha wakati wote. Kila kikao Madame Mireille alileta chupa ya chai, akamimina, akampa kila mtu kikombe, halafu yeye akakaa mikono mapajani. Hakunywa. Baadaye alitueleza kwamba walimu wake ndivyo walivyomfundisha: anayesikiliza asijichanganye na wanaosema, asile nao, asitoe yake. Sisi hatukusoma kwa walimu hao. Tulikotoka sote, hata mtoto anajua kwamba anayegawa kinywaji huonja kwanza, akatoa uchawi, ndipo ampe mgeni. Asiyeonja ana sababu yake. Basi chai ilikaa mbele yetu, ikapoa, ikafanya utando, na kila mtu akakitazama kikombe chake kama unavyomtazama mbwa wa jirani. Kumwambia mwanamke aliyesoma, "Onja kwanza," ni kumwambia unamshuku, na sisi tulikuwa na shaka lakini tulikuwa na adabu pia. Naye, maskini, akadhani kosa ni la chai. Akaleta ya tangawizi. Akaleta ya maziwa. Akabadilisha vikombe, akaleta vya bati vya buluu, nadhani alitarajia tukiviona tutakumbuka kwetu. Tulivikumbuka vizuri, na hatukunywa. Maman Béa alizungumza habari za mvua. Mimi nilisema kazi ni nzuri, alhamdulillahi. Papa Norbert hakusema lolote juu yake mwenyewe, ila aliuliza.

"Unaishi wapi, fils?"

"Karibu na kazi."

"Na madame yako, iko hapa?"

"Atakuja, inshallah."

"Na usiku? Unalala muzuri?"

"Papa, kwani wewe ndiye daktari?"

Alicheka kidogo, akazungusha kofia, na macho yake yakashuka kwenye viatu vyangu yakakaa hapo. Kila wiki ilikuwa hivyo. Aliuliza kwa sauti ya baba, na mimi sauti ya baba kutoka kwa mtu nisiyemjua ndiyo ninayoiogopa zaidi. Wazee wetu walisema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na mimi nyoka nilimwona kwa macho: kabla ya mambo kuharibika mtaani kwetu, alikuwepo mtu mpole aliyepita nyumba kwa nyumba akiuliza nani analala wapi. Nikaamua kwamba katika chumba kile, kama kuna wa kupeleka maneno, si Madame Mireille. Ni huyu mwenye kofia.

Kisha nikamfuma. Nilikuwa natoka metro, Jumamosi mchana, watu wamejaa na mifuko ya mihogo na majani ya pondu, nikamwona amesimama mbele ya duka na mzungu mzee mwenye mkongojo. Nikajibanza nyuma ya watu waliokuwa wakichagua kadi za simu. Yule mzungu alikuwa anaongea Kiswahili, na Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko cha Madame Mireille. Aliuliza, "Na wale wa kule juu, wanaendeleaje?" Papa Norbert akajibu, "Pole pole, mon père. Banaogopa bado." Mzungu akatikisa kichwa, akasema ataomba. Sikusubiri kusikia ataomba nini na kwa nani. Nilishuka tena ngazi za metro ingawa nilikuwa nimeshafika nilikokuwa nikienda, nikapanda treni ya kwanza iliyofika. Nilimwona Zuhura akirudishwa uwanja wa ndege. Niliyaona hayo wazi, hata nguo aliyovaa.

Kikao kilichofuata niliingia nimejiandaa. Nilingoja vikombe vigawiwe, nikasema bila kumtazama mtu, "Ulituambia hapa hakuna mzungu. Huyu mzee anapeleka habari zetu kwa mzungu. Nimemsikia kwa masikio yangu." Maman Béa akasema, "Yesu," akavuta kitenge chake karibu. Madame Mireille akageuka, "Papa Norbert, c'est vrai, ni kweli?" Papa Norbert aliiweka kofia chini kwa mara ya kwanza tangu tumjue.

"Bon," akasema. "Ile ni padiri. Alinibatiza, alinifundisha kusoma. Hii chumba ni yake, anatuazima. Aliniuliza munaendelea namna gani, nikamwambia banaogopa. Ni uwongo? Hamuogope?"

Tukamgeukia Madame Mireille. Uso wake ulikuwa umebadilika. Akasema polepole, "Sikuwaambia juu ya chumba. Nilifikiri mukijua, hamutakuja." Alifikiri sawasawa, tusingekuja. Nilijisikia mshindi. Nilikuwa nimeshuku kwamba kuna kitu kimefichwa, na kweli kilikuwa kimefichwa, na sasa nilikuwa na ruhusa ya kuondoka bila kurudi. Nilikuwa nimeshasimama. Nadhani Papa Norbert aliona kwamba nikitoka ule mlango basi tena.

"Maman," alimwambia Madame Mireille, "nitakuambia kitu, usikasirike. Tangu tumeanza, hakuna muntu amekunywa chai yako. Juu ya nini? Juu hauonje. Kwetu mwenye kugawa anaonja mbele. Wewe unatupa, halafu unatuangalia." Mzee akainuka, magoti yakilia, akaja na soksi zake mpaka kwenye kiti changu, akachukua kikombe changu, akanywa nusu, chai ya baridi ile, akaninyooshea iliyobaki. "Kama iko sumu, Murundi, tutakufa wawili." Sikukipokea. Naye hakuushusha mkono. "Na neno ni vile vile," akasema. "Munataka mutoto huyu atoe neno yake, nani ameonja? Bon, mimi nitaonja. Mimi ninalala na viatu. Usiku muzima, kamba zimefungwa. Madame yangu anasema mashuka yanachafuka, ninamwambia niko na baridi. Siko na baridi. Niko nangojea kukimbia."

Wengine wangesema hapo nilifarijika. Mimi sikufarijika. Wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba ameingia chumbani kwangu. Nilimhesabu mwenye nyumba, nikamhesabu jirani wa chini, nani ana ufunguo, nani alichungulia, kwa sababu hiyo ilikuwa siri yangu neno kwa neno, hata habari ya baridi niliyojidanganya nayo. Hakuna kiumbe niliyemwambia. Nililala na vile viatu vya kiwandani kila usiku, kamba zimekazwa, mlango ukiwa hatua mbili kutoka kitandani. Nilimtazama usoni nitafute uongo na sikuuona. Niliona mzee aliyeshika kikombe na mkono bado ameunyoosha. Nikakipokea ili apate kuushusha. Nikanywa. Nikasikia sauti yangu inasema, "Na mimi."

Sikusema zaidi siku hiyo. Sikuhitaji. Madame Mireille alijimiminia kikombe, akanywa, akakohoa kwa ile tangawizi yake mwenyewe, akasema kwamba alipokuwa msichana alikuwa akimkataza bibi yake kuongea Kiswahili ndani ya tramu, kwa aibu, na sasa bibi amekufa na hakuna wa kumsahihisha. Walimu wake wangemkemea. Sisi tulimpa pole. Ndipo Maman Béa naye akaanza: "Kwa kazi iko muzee moja, muzungu, zamani alikuwa Katanga. Ananiita boy. Mimi, mwanamuke, grand-mère, ananiita boy. Leta maji, upesi, fungua mulango. Anasema Kiswahili, ni mimi peke yangu ninamuelewa. Wenzangu banasema, Béa, una chance, munapiga stori na papy." Akacheka, akaendelea kucheka mpaka kikawa si kicheko tena, na lile boksi la karatasi likapata mteja wake wa kwanza. Papa Norbert alimpapasa mgongo. Halafu akarudi kwenye kofia yake.

Mwaka uliobaki ulikwenda hivyo. Madame Mireille alionja chai kwanza mbele yetu, na siku nyingine akaonja na neno. Kinyago kiliondolewa. Nilihamia mkekani, kwanza na viatu miguu ikiwa nje ya ukingo, baadaye bila viatu, na Maman Béa akanitania kwamba kumbe Warundi wana vidole. Kuelekea Ramadhani nilisema lile ambalo nilikuwa sijawahi kulisema kwa lugha yoyote. Usiku tuliokimbia vita, mimi na mdogo wangu Shabani tulitoka peku. Uani akasimama akasema tutaumia miguu, ngoja nichukue viatu. Akarudi ndani. Nilimngoja mpaka nikashindwa kungoja. Kwetu wote wanaamini alifia barabarani, katika kukimbia, na niliwaacha waamini hivyo, kwa sababu swali linalofuata ni kwamba mimi nilikuwa wapi. Papa Norbert alisikiliza kichwa kimeinama. Aliniuliza jambo moja tu, Shabani alikuwa na umri gani. Nilipomjibu, akafumba macho.

Nikaanza kulala peku. Kiwandani nilihamishiwa upande wa kukagua rangi, mbali na mabati, na daktari hakunieleza kwa nini. Mpaka leo nashuku kwamba Madame Mireille alimpigia simu, na mpaka leo sijamuuliza. Zuhura akaja kabla mwaka haujaisha, na sanduku moja na mfuko wa unga wa muhogo uliomsumbua forodhani. Sikumwambia lolote. Msichana aliyeolewa kwa simu amevuka dunia kumfuata mume; nilihofu akijua amefuata mgonjwa, ataanza kunitazama kwa jicho lile la daktari. Nikaacha kwenda Matonge. Papa Norbert nilikutana naye mara moja moja sokoni, tukaulizana habari za watoto, tukaachana.

Sasa niko sebuleni kwake, na mjane wake, Maman Judith, anazunguka kuwashukuru watu. Alipofika kwetu, nikatafuta neno la kumfariji. Nikasema, "Maman, papa alinisaidia sana nilipokuwa kijana. Alinieleza alivyokuwa akilala na viatu, na mimi nikapata nguvu ya kusema."

Maman Judith alinitazama kama niliyekosea nyumba. "Viatu? Norbert? Umeona mulango, papa? Huyu, hata mimi nikiingia na sandale ananirudisha. Na kulala, alikuwa analala kama mutoto, hata radi haimuamushi." Akatengeneza kitambaa kichwani. "Ni muchana ndiyo ilimusumbua. Muchana, siku hakuna kazi, alikuwa anakaa ku jikoni, anaangalia ukuta, mpaka giza inaingia. Ile ndiyo dawa alienda kutafuta kule Matonge. Hakuwaambia?"

"Hakutuambia," nikasema.

Kwanza nilikasirika. Nilikuwa nimemshuku mwaka mzima na siku niliyoacha kumshuku ndiyo siku aliyonidanganya. Halafu nikamwona tena, macho yake yakiwa juu ya viatu vyangu, wiki baada ya wiki, mimi Mwislamu niliyekataa kuvua viatu mkekani. Hakuhitaji ufunguo wa chumba changu. Siku ile zamu ya kusema ilikuwa yake, aliipata kwa kusimama na soksi mbele ya watu, na akaitumia kusema langu. Lake akarudi nalo kwake, kwenye ukuta wa jikoni. Mwaka mzima aliniuliza nimelalaje, na mimi, kwa kuogopa kwamba anayeuliza naye huulizwa, sikumuuliza hata siku moja ameshindaje. Salamu ya kila siku, ambayo nampa hata muuza magazeti. Inaniuma na nitakufa inaniuma.

Zuhura alikuwa amesikia kila kitu. Tulitafuta viatu vyetu kwenye rundo, tukapanda basi. Nyumbani aliweka maji jikoni, jua bado lipo dirishani, akatengeneza chai, akapiga funda, akakisukuma kikombe mpaka mbele yangu.

"Nani alikuwa analala na viatu?" akaniuliza.

"Mimi," nikasema. "Na Shabani hakufia barabarani. Alirudi ndani kuchukua viatu, na mimi nikaondoka."